Akiba yangu ya siri ni ya Barbados, na paa la Mama linavuja

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya serikali huku Yorkshire, Uingereza. Nina mume na watoto wawili, wa miaka 12 na 8. Nilizaliwa na kukulia Kilifi. Tangu tuhamie huku mwaka 2021, kila likizo yangu ndefu huishia nyumbani. Nashuka Mombasa na masanduku yaliyojaa mizigo ya watu, nazungushwa kwa wakwe, kwa mashangazi, kwenye matanga na harusi, na nikirudi wodini nimechoka kuliko nilivyoondoka. Silalamiki, ndugu ni ndugu. Lakini nina miaka 39 na sijawahi kwenda mahali kwa ajili ya kupumzika tu.

Nilipoanza kazi nilipokewa na muuguzi mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Barbados. Ndiye aliyenionyesha namna ya kuandika ripoti za huku na namna ya kusema na madaktari wao. Usiku zamu ikitulia alinisimulia kwao. Siku moja akanieleza chakula chao cha cou-cou, unga wa mahindi unaosongwa kwa maji ya bamia mpaka unalainika. Nikamwambia, hiyo ni sima! Alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Alistaafu akarudi kwao, parishi ya Saint John. Kila Krismasi hunitumia kadi, na kila kadi ina swali lile lile: mnakuja lini?

Shangazi, kwa miaka mitatu nimefanya zamu za ziada na kuweka pesa kwenye akaunti ambayo mume wangu haijui. Imefika pauni 5,600. Mwezi uliopita wakala wa safari alinipigia hesabu ya sisi wanne: wiki ya kwanza ya Agosti, siku 7, hoteli ambayo chakula na vinywaji vimo, ndege kutoka Gatwick, jumla pauni 6,940. Nikalipa kianzio cha pauni 400 siku hiyo hiyo. Salio ni mwanzoni mwa Mei, na hiyo ya kuzidi akiba yangu nilifikiria kuiweka kwenye kadi ya mkopo. Wakala alinitajia pia Juni, bei inashuka sana, ila watoto watakosa shule wiki moja. Halafu kuna tiketi nyingine nilizoziona mtandaoni, nafuu zaidi, zinapitia Miami.

Sasa taabu yangu. Paa la jikoni kwa Mama na chumba cha nyuma ni la makuti, na limechoka. Masika ya mwaka jana aliweka sufuria tatu sakafuni. Fundi amesema mabati, mbao na kazi vitafika shilingi 190,000. Kaka yangu ananikumbusha kila wiki. Mama mwenyewe hajasema neno, yeye nikimpigia huniuliza mbona sauti imekauka, nalala saa ngapi. Akisikia nimekwenda kuogelea ng'ambo ya dunia na paa lake linavuja, najua ataumia.

Na mume wangu sijamwambia chochote. Anafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Juzi alisimama mbele ya friji akaitazama kadi ya Barbados, pwani nyeupe na minazi, akasema, "Na Kilifi je?" Nikajua hapo hakuna safari. Wifi zangu nao nawasikia tayari: mtoto wa Pwani analipa maelfu kwenda kuona bahari!

Watoto nimewadokeza kidogo. Mdogo ameshapanga nguo, na kaptura yake ya rangi za kijeshi iko juu kabisa. Pasipoti zetu ni za Kenya, na ya mume wangu ni mpya, aliibadilisha mwezi huu.

Niende? Nilipe paa? Nimwambie mume wangu kabla au nimshtukize na tiketi? Nisaidie.

Mtoto wa Pwani


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Nikikurudishia barua yako kwa maneno machache, naona umefunga mambo matatu kwenye furushi moja: paa la Mama, pesa ambayo mumeo haijui, na safari yenyewe. Yamebanana hata ukigusa moja unaona yote yanaanguka. Tuyafungue, maana kila moja lina tarehe yake.

Tarehe ya karibu ni ya paa. Masika huanza Pwani mwishoni mwa Machi au Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi. Kwa hiyo paa lina muda mpaka mwisho wa Machi, basi. Shilingi 190,000 ni kama pauni 1,100. Kabla hujaikubali hesabu hiyo, mwombe fundi aigawe: mabati mangapi na ya geji gani, mbao na kenchi, misumari, kisha ufundi peke yake. Upepo wa chumvi hula mabati mepesi upesi, na geji 28 ni nene kuliko 30, kwa hiyo uliza bei zote mbili. Paa la makuti lina mwinamo mkali. Muulize kama boriti zilizopo zitashika mabati au anabomoa zote, kwa kuwa hapo ndipo hesabu za mafundi huongezeka katikati ya kazi. Vifaa vinaweza kulipiwa moja kwa moja dukani, na ufundi kwa mafungu mawili, la pili baada ya mvua ya kwanza. Sikuambii ulipe. Nakuonyesha tu kwamba paa na safari havigombanii mwezi mmoja. Vinagombania mfuko mmoja, na hilo lina njia zaidi ya moja.

Kisha turudi kwa Mama. Umeandika kwamba unajua ataumia. Lakini katika barua yako anayelia na paa ni kaka yako. Mama anauliza unalala saa ngapi. Huenda anaficha haja yake, akina mama hufanya hivyo, na wewe ndiwe unayemjua. Huenda pia kile anachokitaka kwako ndicho hicho anachokiuliza. Je, umewahi kumwambia kwamba hujapumzika? Naye kaka yako, anachangia kiasi gani kwenye hizo 190,000? Hukuandika, na pengine hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa mume wako. "Na Kilifi je?" Wewe umeisikia kama mlango unaofungwa. Mtu anayefanya kazi usiku kucha kwenye ghala, akaona minazi kwenye friji, anaweza kusema maneno hayo kwa kukataa. Anaweza pia kuyasema kwa kukumbuka nyumbani. Anaweza kuwa anauliza kweli: tukienda huko, mwaka huu Kilifi hatuendi? Sijui ni lipi kati ya hayo, nawe hujui, kwa sababu mazungumzo yaliishia hapo kwenye friji.

Kuhusu kumshtukiza, nina mashaka ya kimatendo kabla hata ya yale ya moyo. Lazima aombe likizo kazini. Na pasipoti yake mpya haina habari na viza yake mpaka aiunganishe. Ruhusa za kuishi Uingereza sasa ni za kidijitali, eVisa, na mfumo unaitambua ile pasipoti iliyosajiliwa kwenye akaunti ya mtu. Akisafiri na mpya bila kuisajili, siku ya kurudi mhudumu wa ndege kule Barbados anaiingiza namba na haoni ruhusa yoyote, na familia inabaki kaunta ikipiga simu London. Marekebisho hufanywa mtandaoni bila malipo, ila huchukua siku, wakati mwingine wiki. Ni yeye anayepaswa kuingia kwenye akaunti yake. Safari ya watu wanne haifichiki, mwanangu.

Mkizungumza, pesa inaweza kumshtua kuliko safari. Miaka mitatu ni mirefu, na anaweza kuumia kwamba hukumwamini. Anaweza pia kusema kwamba upande wake nao wana paa linalovuja, ukajikuta akiba yako inagawanywa kabla hujamaliza sentensi. Hizo ni hatari za kweli. Wapo wanaoona ni rahisi kuanza na uchovu, wakasema "nimechoka na nimekuwa nikiweka kwa ajili ya hili", kisha wakaonyesha kiasi, na nchi ikatajwa mwisho. Wapo wanaoanza na ile kadi na yule mama wa Saint John. Wewe ndiwe unayejua mlango wake uko wapi. Lakini kama uliificha akaunti hiyo kwa sababu ambayo hukuiandika, kwamba unaogopa hasira zake au jinsi pesa inavyopotea mikononi mwake, basi yote niliyosema hapa yasimame kwanza. Zungumza na mtu unayemwamini kabla ya kufungua daftari.

Kuna hesabu moja zaidi ya kuweka mezani mkiwa wawili. Mlikuja 2021. Kama mnaelekea kuomba makazi ya kudumu, au kuongeza viza, ada zake huhesabiwa kwa kila mtu, na kwa familia ya wanne ni maelfu ya pauni. Kanuni zenyewe zimekuwa zikibadilika. Wiki moja nje ya nchi haiwaharibii kitu, kwa kuwa kikomo cha kutokuwepo ni siku 180 katika kila miezi 12. Pesa ndiyo inayoweza kuwabana. Angalia tarehe za viza zenu kabla hujaita 5,600 pesa ya bure.

Nije kwenye safari, kwa sababu naona umeitamani bila ya kuelezwa vizuri unachonunua.

Wiki ya kwanza ya Agosti Barbados ni wiki ya kilele cha sherehe za Crop Over. Siku kubwa, Kadooment, huwa Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Ni ngoma, mavazi ya manyoya na barabara zilizofungwa. Wengine huvuka bahari kwa ajili ya siku hiyo, na vyumba hupanda bei kwa ajili yao. Wewe umesema unataka kupumzika. Je, ulijua? Kisha kuna vimbunga. Msimu wao ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na ukali huanza katikati ya Agosti, bahari ikishapata joto la kutosha, mpaka Oktoba. Barbados iko mashariki kabisa ya visiwa vile, na dhoruba nyingi hupinda kaskazini kabla ya kuifikia. Si kinga kamili: Elsa iliipiga Julai 2021, na tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini yake na mawimbi yake yakavunja mashua nyingi za wavuvi. Mwanzo wa Agosti, basi, si wakati mbaya kabisa, wala si salama kabisa.

Ukichagua Agosti, bima ndiyo ya kununua leo, si wiki ya kuondoka. Kianzio kimeshalipwa, na bima inayoanza leo inakulinda hata mtoto akiugua Julai. Inayonunuliwa baada ya dhoruba kupewa jina haitagusa dhoruba hiyo. Hofu ya utabiri si sababu ya kulipwa. Kinachobadilisha mambo ni serikali ya Uingereza kutoa onyo la kutosafiri, au ndege kufutwa. Andika magonjwa yenu yote kwenye fomu, presha, sukari, pumu. Usipoitaja pumu ya mtoto, gharama za hospitali zinaweza kukataliwa zote. Kadi yenu ya matibabu ya Ulaya haifanyi kazi Barbados.

Juni ina bei nzuri, ila ihesabu na faini. Katika Uingereza mtoto akikosa shule siku 5 bila ruhusa, faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ikilipwa ndani ya siku 21, na 160 ikilipwa baada ya hapo, kabla ya siku 28. Ninyi ni wazazi wawili na watoto wawili: pauni 320, au 640. Yupo anayeona bado amepata nafuu. Yupo asiyetaka jina lake liandikwe shuleni. Wa 12 naye yuko sekondari, na Juni ni mwezi wa mitihani ya mwisho wa mwaka katika shule nyingi.

Zipo wiki mbili ambazo wakala hakukutajia. Ya kwanza ni mapumziko ya katikati ya muhula mwishoni mwa Mei: shule zimefungwa, kiangazi chao ndio kinamalizika, vimbunga havijaanza. Ubaya wake ni kwamba salio la Mei hudaiwa mapema Machi, yaani karibu siku zile zile unazomlipa fundi, na bei ya wiki hiyo hupanda kwa kuwa familia zote za Uingereza zina wazo hilo. Ya pili ni Pasaka ya mwakani. Ni kiangazi, una mwaka mzima wa kuongeza akiba, paa limekwisha. Ubaya wake unaujua: umeshangoja sana, na yule mama hapungui umri. Halafu una angalau siku 27 za likizo kwa mwaka nje ya sikukuu. Wiki ya Mei au ya Pasaka inakuachia za kutosha kwenda Kilifi Desemba, ambapo pengine jibu la "Na Kilifi je?" liko hapo.

Kuhusu kianzio, fungua masharti usome mahali pameandikwa ukifuta. Vianzio vidogo vya pauni 100 kwa mtu mara nyingi ni sehemu tu ya kianzio kamili, na anayefuta hudaiwa kilichobaki. Mwandikie wakala barua pepe, si simu, maswali mawili: nikifuta leo nadaiwa kiasi gani zaidi, na kuhamisha tarehe ni pauni ngapi kwa mtu. Dai pia cheti cha ATOL kama hujapewa, ndicho kinachowalinda kampuni ikifilisika. Kama 400 ililipwa kwa kadi ya mkopo, sheria inakulinda kwa bei nzima hata salio likilipwa kwa njia nyingine. Kadi hiyo kwa kianzio ni kinga. Kadi hiyo hiyo kwa kujazia pengo ni deni, nalo utalilipa kwa zamu za ziada, zile zile zilizokuchosha. Na pengo lako si 1,340 tu. Hesabu treni ya watu wanne hadi Gatwick, usiku mmoja wa hoteli pale kama ndege ni ya asubuhi, bima, na matembezi. Ukiongeza na la paa, umeshapita pauni 2,500 kwa urahisi.

Tiketi za kupitia Miami ziache, isipokuwa wote wanne mna viza za Marekani. Kule abiria anayebadilisha ndege tu hupita uhamiaji kama anayeingia nchini, na pasipoti ya Kenya bila viza haipandi hata ndege ya kwanza. Kuingia Barbados kwenyewe Mkenya haombi viza ya matembezi. Ataulizwa tiketi ya kurudi na anwani kamili ya atakapolala. Fomu yao ya uhamiaji na forodha hujazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, nayo ni bure. Ukurasa unaoomba pesa si wa serikali. Homa ya manjano inawahusu mkiunganisha safari kutoka Kenya, na kutoka Uingereza moja kwa moja hapana. Ile kaptura ya mdogo ibaki Yorkshire: mavazi ya rangi za kijeshi yamekatazwa kisheria kwa raia, watoto wamo, hata begi na kofia.

Hoteli yako sasa. Umesema sababu ya kwenda ni mtu, yule mama, na sima yake ya bamia. Hoteli ambayo kila kitu kimo inakufunga kamba mkononi na kukuvuta urudi kula ulichokwisha kulipia. Siku mtakayoalikwa Saint John mtakuwa mmelipa mlo mara mbili. Njia nyingine ni ndege peke yake na nyumba yenye jiko pwani ya kusini, upande wa Worthing au Hastings, ambako mabasi hupita mchana kutwa. Nauli ni dola 3.50 za Barbados kwa safari moja. Watu wanne kwenda na kurudi ni dola 28, na kwa kuwa dola 2 za kwao ni dola 1 ya Marekani tangu 1975, hiyo ni dola 14 za Marekani. Mabasi ya buluu ya serikali hayarudishi chenji, beba sarafu kamili. Teksi hazina mita, patana kabla hujafunga mlango. Na kwenye kila bei uliza ni dola zipi, maana alama ni ile ile na tofauti ni mara mbili.

Lakini nyumba yenye jiko ina swali lake: nani atasimama jikoni? Kama ni wewe, utasonga sima Barbados na kuosha sufuria Barbados, na likizo yako itakuwa ya watoto. Vyakula vya dukani navyo ni ghali, vingi huletwa kwa meli. Hilo mlipange na mumeo kwa majina na siku, nani anapika lini. Hoteli inakugharimu pesa na kukupumzisha mikono asubuhi. Kwa muuguzi hilo si jambo dogo, nami sitalidharau.

Popote mtakapolala, jueni kwamba pwani zote za Barbados ni za umma. Anayelala kusini kwa bei nafuu anaweza kuogelea magharibi mbele ya hoteli za matajiri. Magharibi maji yametulia, na ghuba ya Carlisle karibu na Bridgetown inafaa watoto. Kuna kasa na mabaki ya meli chini ya maji. Mashariki, Bathsheba, karibu na kwa yule mama, ni pazuri kutazama na pabaya kuogelea. Atlantiki inaingia moja kwa moja na mkondo wake unavuta. Kilifi mwamba wa matumbawe huvunja mawimbi mbali na ufuo, na mtoto aliyezoea hivyo hajui bahari isiyo na mwamba. Mwambie mapema. Pia mwani wa sargassum, ambao tangu 2011 husukumwa kwa wingi kutoka Atlantiki, hujaa pwani za mashariki na kusini zaidi miezi ya kati ya mwaka, nao ukioza hunuka kama yai viza. Kabla ya kulipia chumba cha kusini Agosti, tafuta picha za wageni za wiki hiyo, si za kwenye tangazo.

Waonyeshe watoto picha ya mti wa manchineel. Huota ufukweni, tunda lake ni kama tufaha dogo la kijani lenye harufu tamu, na ni sumu. Utomvu wake huchoma ngozi hata ukichuruzika na maji ya mvua, kwa hiyo mvua ikinyesha msijikinge chini yake. Mingi imepigwa mstari mwekundu shinani, si yote. Malaria hakuna, dengi ipo, na mbu wake huuma mchana. Umeme ni volti 115 na plagi za Kimarekani: chaja za simu zitafanya kazi kwa adapta, kikausha nywele chako cha Uingereza kitavuma tu bila joto.

Wifi zako umeshawasikia kabla hawajasema. Watasema au hawatasema, na hilo halina tarehe ya mwisho wala ada ya kufuta. Ningekuomba uliweke mwisho wa foleni.

Kwa wiki hii kuna mambo machache yaliyo wazi kufanyika bila kuamua lolote: barua pepe kwa wakala, tarehe za viza, simu kwa fundi akupe hesabu iliyogawanywa. Na kadi iliyo kwenye friji haijajibiwa. Mwandikie yule mama umuulize Mei kwao kukoje, mwani unafika wapi mwaka huu, na kama ana jirani anayepangisha nyumba. Barua hiyo, ukipenda, iandike mezani jioni moja mumeo hajaenda kazini, umwachie nafasi chini aongeze swali lake.